Mwongozo wa Kuwa Mfinyanzi Longech Bila Kumwomba Mtu Ruhusa

Ukitaka kuwa mfinyanzi Longech, jizoeze kwanza kujibu maswali mikono ikiwa imejaa tope. Utaulizwa udongo utautoa wapi kwenye ulimi wa mchanga uliozungukwa na Ziwa Turkana. Utaulizwa kuni utazipata wapi. Na mjomba wako mwenyewe, amekaa kwenye kigoda chake cha ekicholong chini ya mkoma, atakuuliza tangu lini Mturkana akampakia punda vyungu. Usikasirike. Maswali yote matatu yana majibu, na ni vizuri uwe nayo kabla hujapanda boti kwenda Kalokol kununua ndoo.

Anza na la mjomba, maana ndilo zito. Mjibu kwa adabu, kwa sababu nusu ya hoja yake ni kweli tupu. Boma linalohama na mifugo haliwezi kutegemea chombo kinachovunjika punda akijikwaa. Ndiyo maana maziwa ya Turkana hukamuliwa ndani ya elepit na kuhifadhiwa kwenye akarum, na chakula huandaliwa kwenye atubwa, vyombo vilivyochongwa kwa mti vikapakwa mafuta miaka na miaka hadi vikawa vyeusi na laini. Hiyo ni sanaa iliyokamilika. Mfinyanzi mwenye akili hashindani nayo. Hukaa mbele ya elepit ya bibi yake akaitazama muda mrefu: inavyonenepa tumboni, inavyoingia shingoni, kifuniko kinavyokaa. Umbo haliibwi, huazimwa, na hilo unaweza kuliazima leo jioni bila gharama.

Nusu nyingine ya jibu, ile ambayo mjomba hakuwahi kuambiwa, imelala chini ya mchanga. Kusini-magharibi mwa ziwa kuna mahali panapoitwa Lothagam. Mwaka 2018 kundi la watafiti likiongozwa na Elisabeth Hildebrand lilieleza walichokikuta Lothagam Kaskazini: jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, na chini yake makaburi ya watu wasiopungua 580. Waliozikwa pale walikuwa wafugaji wa mwanzo kabisa wa eneo hili, kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, wakati ule ziwa lilipokuwa linashuka na mvua zinapungua. Hakuna kaburi la mkubwa wala la mdogo. Wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga wamelala pamoja, na karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake: shanga za mawe ya rangi, pete za meno ya kiboko, na mmoja wao pambo la kichwani lililoshonwa kwa meno ya panya wa jangwani zaidi ya 100. Watu waliokuwa na subira ya kukamata panya zaidi ya 100 kwa ajili ya pambo moja walikuwa pia na subira ya kufinyanga. Vyungu vyao vimepatikana.

Wanaakiolojia huviita vyungu hivyo Nderit, na kigae chake kimoja kinafaa kutazamwa kwa ukaribu. Upande wa nje, mfinyanzi alidunga ncha ya kijiti au mfupa kwenye udongo mbichi, safu juu ya safu, alama ndogo zenye umbo la kabari, zimebanana hadi ukuta mzima ukafanana na kikapu kilichosukwa. Kigeuze sasa, utazame ndani. Ndani amekwaruza mistari, mfuo kwa mfuo, mahali ambapo maziwa au uji ungeifunika mara tu chungu kinapoanza kazi. Sijui kitu kinachonigusa katika ufundi wa nchi hii kuliko mistari ile ya ndani. Mtu aliyeichora alijua itafunikwa, na akaichora hata hivyo, kwa uangalifu uleule wa nje.

Watu wale hawakuwa Waturkana, kwa sababu Waturkana walifika bonde hili baadaye sana. Kwa hiyo usimdanganye mjomba kwamba unarudisha mila za babu. Mwambie kweli: nchi hii ilijua vyungu kabla haijajua jina lake la leo, na udongo uliotumika bado upo.

Akiendelea kucheka, mpeleke kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kalokol, kwenye nguzo za mawe za Namoratunga. Anaijua hekaya yake kukushinda: watu walikuwa wakicheza ngoma, akapita mgeni wa ajabu, wakamcheka, wakageuka mawe papo hapo. Mwache acheke akiwa mbali na hapo.

Kanuni moja usiivunje kamwe. Vigae vya kale utakavyoviona vimetokeza kwenye mchanga, usiviokote. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi inavilinda, na hata kama isingekuwepo, kigae kilichotolewa mahali pake kimepoteza nusu ya habari zake. Kaa chini, kichore kwenye daftari pande zote mbili, kiache. Ukitaka kuona zaidi, Turkana Basin Institute, taasisi iliyoanzishwa na Richard Leakey, ina kituo Turkwel, si mbali na Lodwar, na kazi yake ni kuhifadhi vitu vya aina hii.

Usichimbe unapolala

Udongo wa Longech wenyewe utakutia hasara, na ni vizuri ujue kwa nini. Ule ufuo umejaa vipande vya magamba ya konokono wa ziwani. Gamba ni chokaa. Ukilifinyanga ndani ya ukuta wa chungu, litaingia motoni likiwa kimya, litageuka chokaa iliyoungua, na chungu kitatoka kizuri, utakipiga picha, utampelekea dada yako. Siku chache baadaye chokaa ile itavuta unyevu wa hewani, itavimba, na kurusha kipande cha ukuta. Utaona kidoa cheupe katikati ya shimo dogo. Hapo usitafute mchawi. Tafuta chekecheke yenye matundu madogo.

Maji ya ziwa nayo yana magadi na chumvi. Ukiyakandia udongo, chungu kinapokauka maji hutoka na chumvi hubaki juu ya ngozi yake, ukungu mweupe unaoharibu mng'aro na usiofutika baada ya moto. Kandia maji ya mto Turkwel. Naam, ni kazi ya kubeba madumu, lakini udongo wenyewe utakuwa umeufuata upande uleule, kwenye kingo za mto huo na kwenye malaga, mito ya msimu inayoshusha tope jekundu mvua inaponyesha milimani. Wa Kakuma, palipo na kambi ya wakimbizi, wana laga ya Tarach mlangoni, na matofali ya udongo ambayo wakimbizi wamejengea nyumba zao yanatosha kuwathibitishia kwamba ardhi ya pale inashikana.

Kuupima hakuhitaji maabara. Lowesha kidogo, kanda, sokota kamba nene kiasi cha kidole, kisha izungushe kwenye kidole chako. Ikipasuka, udongo ni mkavu wa asili, uchanganye na ulio mnene. Isipopasuka lakini ikashikilia ngozi yako isitake kuachia, ni mnene kupita kiasi, na chungu chake kitakunjamana kikikauka. Huo uongezee mchanga uliochekechwa, au vigae vilivyotwangwa vya vyungu vyako vilivyovunjika. Kwa hiyo usitupe chungu kilichopasuka. Kinakwenda kwenye kinu kuwa uti wa mgongo wa kitakachofuata.

Udongo uwahi ungali maji, walisema wazee wa pwani, na hawakuwahi kufinyanga Lodwar saa saba mchana. Hapa joto hupanda kupita digrii 35 na upepo wa ziwa haupumziki. Chungu hukauka upande mmoja kabla upande mwingine haujajua, na hapo ndipo ufa unapozaliwa. Fanya kazi alfajiri. Funika kwa kitambaa kilicholowa, weka kwenye kona ya nyumba isiyopitisha upepo, na usiruhusu haraka ya mtu yeyote, pamoja na yako, ikifunue kabla ya siku zake.

Zunguka wewe, chungu kitulie

Watakwambia huwezi kuanza bila gurudumu. Waambie habari za Ladi Kwali. Mama huyu wa Kigwari, kutoka kijiji cha Kwali nchini Nigeria, alijenga mitungi mikubwa kwa kamba za udongo akiwa anakizunguka chungu kwa miguu yake mwenyewe, akirudi kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mwingine nje. Mwaka 1954 aliingia kituo cha ufinyanzi cha Abuja, kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, akiwa mwanamke wa kwanza pale. Leo sura yake imo kwenye noti ya naira 20. Gurudumu lake lilikuwa nyayo.

Fanya hivyohivyo. Chukua kipande cha chungu kikuukuu kiwe kitako, tandika majivu ili udongo usigande, kandika mkate wa udongo ndani yake. Sokota kamba, izungushe ukingoni, ibane kwa kidole gumba kwenda chini upande wa ndani na kwenda juu upande wa nje, hadi mshono upotee pande zote mbili. Mshono ukiachwa ndani utafunguka motoni. Kamba mbili, tatu, kisha acha. Hapo wengi huharibu: wanapanda hadi shingoni kwa asubuhi moja na tumbo linaketi chini kwa uzito. Subiri ukuta ushike nguvu, uwe wa kubonyea bila kukubali, ndipo uendelee. Ukisha, kwangua kwa kipande cha kibuyu hadi unene uwe sawa. Funga macho, ukipapase. Kidole kinaona kilima ambacho jicho limekipita.

Badilika polepole, lakini badilika

Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa kuwa mafunzo mengi ya mikono huishia pale mtu anapoweza kutoa chungu kisichovuja. Kufika pale ni kuingia mlangoni tu. Nitakuonyesha mtu aliyeingia ndani kabisa, na ni wa kwetu.

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akalelewa kati ya Kenya na India, na kazi yake ya kwanza ilikuwa michoro ya matangazo. Udongo haukuwa mpango. Mwaka 1971 alikwenda Cambridge, Uingereza, kuendelea na michoro hiyohiyo, na ni huko, akiwa mtu mzima mwenye kazi yake, udongo ulipomkamata. Wewe unayesema umechelewa, rudia sentensi hiyo.

Kisha akafanya jambo ambalo nakusihi uliige. Mwaka 1974 alitoka Uingereza akaja Afrika kusoma. Alikwenda Abuja, kituo kilekile cha Ladi Kwali, akakaa na wanawake wa Kigwari akajifunza kujenga bila gurudumu, kwa kuzunguka. Baadaye alikwenda New Mexico, Marekani, kwenye kijiji cha San Ildefonso, kuona kazi ya Maria Martinez na jamaa zake, Wahindi Wekundu wa Pueblo ambao huziba moto wao kwa samadi ili moshi uingie kwenye udongo na chungu kitoke cheusi cha kung'aa. Alisomea Farnham, akafundisha, akaingia Royal College of Art, London, akamaliza mwaka 1982. Katika safari hizo zote alikuwa mgeni anayetazama mikono ya watu waliomzidi.

Ukitazama kilichotoka humo, utaona mtu aliyechagua mambo machache akayashikilia. Hutumia kamba za udongo. Hapaki ile ngozi ya kioo inayofanya sahani za dukani zing'ae. Hupaka uji mwepesi wa udongo uliochujwa, akausugua kwa kokoto safu baada ya safu hadi ngozi yenyewe ya chungu ing'ae. Akikichoma kwenye hewa ya kutosha, hutoka chekundu cha machungwa. Akikirudisha motoni kimefungiwa pamoja na vitu vya kutoa moshi, hutoka cheusi, na mara nyingine rangi hizo mbili hukutana ubavuni. Udongo mmoja, tofauti ni pumzi ya moto tu. Na umbo limebadilika miaka zaidi ya 40 bila kuacha kuwa chungu: shingo imerefuka, imeinama, tumbo limevimba upande mmoja, mdomo umepanuka, vinundu vidogo vimeota mgongoni. Ukiviona kimoja baada ya kingine unamwona mwanamke amesimama, amegeuka, amebeba mimba, amenyanyua kidevu. Aligeukia hata kioo, na mwaka 2014 akaning'iniza vipande 1,001 hewani katika kazi moja. Mwaka 2018 University for the Creative Arts, chuo kilichokuja kukirithi kile alichosomea Farnham, kilimfanya chansela wake. Mwaka 2020 Uingereza ikampa cheo cha Dame. Mwaka 2023 chombo chake kimoja kiliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 500,000.

Fedha hizo ziache zilipo. Unachotakiwa kuchukua ni namna ya kubadilika. Chagua umbo moja, tuseme mtungi wa shingo, ulifinyange mwaka mzima. Kila unapochoma, badilisha kitu kimoja tu: upana wa mdomo, au mchanga kiasi gani, au siku za kukausha. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilichokuokoa. Andika kila kitu, na chini ya kila chungu, kabla hakijakauka, kwaruza alama yako na namba ya moto wake. Vilivyoharibika vichache vibakize kwenye rafu usivitwange, viwe mashahidi. Mwisho wa mwaka vipange kwa mstari, cha kwanza hadi cha mwisho. Mstari huo ndio mwalimu wako wa mwaka wa pili.

Walimu wengine wako karibu mno hata aibu kutowafuata. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa vijana waliokimbia vita vya Sudan, na tangu hapo imepokea watu wa Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi, Uganda na Sudan Kusini. Hesabu sasa kama mfinyanzi. Burundi ndiko Watwa wamekuwa wafinyanzi wa nchi nzima tangu zamani. Ethiopia hakuna sherehe ya kahawa bila jebena, birika la udongo la tumbo la duara, shingo nyembamba na mdomo wa kumiminia, na vibanda vya kahawa vya Waethiopia Kakuma vinajulikana na kila dereva wa barabara ile. Sudan Kusini wanajua vyungu vya pombe ambavyo mtoto anaweza kujificha ndani. Odundo alivuka bahari kutafuta mikono ya namna hii. Wewe unapanda matatu Lodwar asubuhi, unashuka kabla ya chakula cha mchana.

Ila nenda kwa heshima. Usifike na kamera mbele. Salimia, kaa, agiza kahawa, ulipe. Ukimpata mama anayefinyanga au aliyewahi kufinyanga kwao, mwite mama, usimwite mkimbizi. Ukimbizi ni jambo lililompata, ufinyanzi ndio kazi yake. Mwombe akuonyeshe na umlipe kwa siku yake, maana ujuzi ni mali pekee ambayo hakuporwa njiani. Na mpelekee udongo mzuri wa Turkwel. Kwa mtu aliyekaa miaka bila kugusa kazi yake, udongo huo ni zawadi inayopita sukari.

Choma mathenge

Usianze na tanuri la umeme. Pale Kalokol, ng'ambo yako, kuna jengo la kukukumbusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 msaada wa Norway ulijenga kiwanda cha kugandisha samaki. Kugandisha kulidai umeme na maji safi kupita uwezo wa mahali pale, na muongo huo haukuisha kabla ghuba ya hapo Kalokol haijakauka. Karibu na mwaka 2020 maji yakarudi kwa kishindo yakaingia hadi majumbani mwa watu. Ufuo unaokuja na kuondoka hivi hautaki mtambo mzito. Unataka shimo.

Na kuni? Jibu limekuzunguka na lina miiba. Mti wa mathenge uliletwa Kenya miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa, ukageuka kuwa jangwa la aina yake. Baringo ilifika hadi watu wakaipeleka serikali mahakamani mwaka 2006, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake akawa ushahidi. Usiguse mkoma, usiguse mgunga wenye kivuli. Kata mathenge, kila tawi utakalolichoma ni nafasi kwa nyasi. Inaungua kwa muda mrefu na kwa joto zuri. Juu yake ongeza samadi kavu ya mbuzi, ambayo hapa hakuna mtu aliyewahi kuikosa.

Chungu lazima kikauke hadi ndani. Kiweke shavuni: kikiwa baridi, bado kina maji. Maji hayo yakikutana na moto wa ghafla hugeuka mvuke ndani ya ukuta na kukipasua kwa mlio, na vipande vyake huua na majirani zake. Kwa hiyo kipashe kwanza, kimeinamishwa juu ya makaa machache, saa moja au mbili. Chimba shimo la magotini, tandika samadi na vijiti, panga vyungu midomo chini, zungushia kuni, funika juu kwa vigae ili upepo usipige ukuta uliowaka. Upepo ndio adui mkuu hapa, kwa hiyo waulize wavuvi saa ambayo ziwa linatulia, wao hawabahatishi. Moto wa wazi hupanda hadi kati ya digrii 600 na 900, na unatosha. Ukitaka chekundu, uache uwake hadi uishe wenyewe. Ukitaka cheusi, vyungu vikiwa vyekundu kwa joto umwagie samadi laini kwa wingi, kisha mchanga, uzibe kila tundu linalotoa moshi, uende ukalale. Usifukue kabla ya asubuhi. Nimewaona watu wazima wenye familia wakishindwa kungoja, wakasikia "tak" moja tu.

Bei

Methali inasema mfinyanzi hulia gaeni. Wewe ivunje. Kula kwenye chungu chako kizuri, pika maharagwe humo, kiachie watoto. Ni kwa kukitumia ndipo utakapojua kwamba mpini unachoma vidole au kitako kinayumba, na hakuna mteja atakayekwambia hayo; atakaa kimya asirudi.

Kwa soko la Lodwar, anza na mtungi wa maji. Chungu kilichochomwa kwa moto mdogo hupitisha unyevu kidogo kidogo, unyevu ukifika nje hewa kavu huunyonya, na kila tone linaloondoka huondoka na joto. Mombasa, ambako hewa imeshiba maji, mtungi hufanya kazi hii kwa uvivu. Lodwar hufanya kwa bidii. Tumbo la mtungi huo usilisugue kwa kokoto, maana kusugua huziba vinyweleo; sugua vile vya kutazamwa. Ukishaumudu, fanya chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa katikati, kitambaa chenye maji juu. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa kaskazini mwa Nigeria alikieneza miaka ya 1990, nyanya zikakaa wiki badala ya siku, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex. Mama mboga wa Lodwar anayesubiri lori la Kitale anakihitaji kuliko mtu yeyote wa Nigeria.

Kusafirisha, jifunze kwa wanawake Wakisi wa Ikombe, ufuoni mwa Ziwa Nyasa upande wa Kyela, ambao hupanga vyungu vyao kwenye mitumbwi na kuvipeleka soko la Matema. Boti zinazotoka Longech na samaki zina nafasi. Vyungu viinamishwe, nyasi katikati, kitu kizito chini. Na kila mtungi uuze pamoja na kata yake ya majani ya mkoma, umsukishe mwanamke wa Longech kwa malipo, ili mtungi usimame wima kwenye sakafu ya mchanga na watu wawili wapate riziki kwa mauzo mamoja.

Bei ihesabu siku, si udongo. Hesabu ya kuchota, kuchekecha, kufinyanga, kungoja, kuchoma, na vile vilivyopasuka kwa kila moto. Tamasha la Tobong'u Lore likija Lodwar, omba meza mapema, kando ya wauza vikapu. Jaza mtungi mmoja maji usiku wa kuamkia siku hiyo, uweke kivulini mbele ya meza pamoja na kikombe, na usimtoze mtu anayekunywa. Andika bei kwa mkaa kwenye vigae, kubwa, isomeke kutoka barabarani. Atakayeomba umpunguzie, mpunguzie mara moja. Akiomba tena, mpe jina la mama wa Kakuma aliyekufundisha shingo ile, akishakubali yeye mwenyewe litajwe, na umwambie yeye naye anauza, kwa bei hiyohiyo.